Shangazi, nimhamishe yupi?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe, na kazi yangu nitaieleza juujuu ili wenzangu wasinitambue.

Mwaka jana nilipandishwa cheo nikawa kiongozi wa idara ileile niliyoanzia kazi. Tuko tisa. Kati yetu wawili ndio mhimili, nitawaita Bwana Hesabu na Bi Ripoti. Bwana Hesabu anapokea takwimu za mwezi kutoka vitengo vingine, anazihakiki, kisha anamkabidhi Bi Ripoti, naye anaandika taarifa ya kwenda kwa wakuu. Takwimu zinatakiwa ziwe mezani kwa Bi Ripoti tarehe 20. Taarifa inatakiwa itoke tarehe 25. Hali halisi ni kwamba takwimu zinafika tarehe 23, mara nyingine 24 jioni, na Bi Ripoti anakesha.

Bwana Hesabu ni mtu mzima, karibu umri wa baba yangu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Hana haraka. Namba moja isipomkaa sawa atapiga simu mpaka ajue imetoka wapi. Bi Ripoti ni rika langu, tuliajiriwa pamoja, ni mwepesi wa kazi na wa ulimi.

Miezi michache iliyopita Bi Ripoti alichoka kusubiri. Akachukua takwimu ambazo hazijahakikiwa kwenye faili la pamoja, akaandika taarifa, akaituma. Wakuu wakakuta jumla mbili hazilingani. Kwenye kikao cha idara nikauliza imekuwaje. Bwana Hesabu akafunga daftari lake taratibu, akasema, "Wanaochuma mbichi wanajijua." Watu wakacheka. Bi Ripoti akainuka akatoka nje. Tangu siku hiyo hawasemeshani.

Mzee ameigeuza meza yake, sasa wanapeana migongo. Kwenye kundi letu la WhatsApp Bi Ripoti akiuliza takwimu ziko wapi, anajibiwa kwa kidole gumba, basi. Neno lolote lenye uzito linapitia kwangu. "Mwambie mwenzako jedwali la tatu halijakamilika." "Mwambie huyo mzee wako mimi si mtumwa wake." La kwanza nalifikisha lilivyo. La pili nalilainisha: "Anaomba, kama inawezekana, uharakishe kidogo." Jioni wenzao wakiondoka, mmoja atabaki nyuma aje ofisini kwangu anieleze ya siku hiyo. Nawasikiliza wote. Bwana Hesabu nimemhakikishia kwamba usahihi ndio heshima ya idara yetu, asikubali kuburuzwa na mtu. Bi Ripoti nimemwahidi kwamba nitamsukuma mzee alete mapema. Nafanya hivyo ili kila mmoja atoke kwangu moyo wake umetulia.

Niliitisha pia kikao cha wote nikazungumzia upendo na ushirikiano kazini. Wakapiga makofi. Kesho yake yaleyale. Na wale wengine nao wameanza kugawanyika, huyu akisema mzee anaonewa, yule akisema mzee ni kikwazo.

Bosi wangu amesema amechoka. Wayamalize, la sivyo nimpe jina moja la wa kuhamishwa kabla robo hii ya mwaka haijaisha. Shangazi, nimhamishe yupi? Mzee aliyenilea kikazi, au rafiki anayeibeba taarifa nzima mgongoni?

Na nikiri tu, hata nyumbani niko hivyohivyo. Kaka na dada yangu wakikorofishana kuhusu matunzo ya mama, simu zote zinaishia kwangu. Nimechoka kuwa daraja la watu kupita.

Mimi, Daraja

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usimhamishe yeyote, walau si sasa. Tuseme umemwondoa Bwana Hesabu, akaja kijana mwenye mbio zake. Tarehe 20 itabaki tarehe 20. Vitengo vitaendelea kuleta takwimu siku vinayoleta leo, na makosa yatakuwa yaleyale. Kijana akiwa mwangalifu atachelewa, nawe utaniandikia tena kwamba ni mzito. Asipokuwa mwangalifu atawahi, na wakuu watakuta jumla hazilingani kila mwezi.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Ross, aliandika mwaka 1977 kuhusu kosa hili la kibinadamu: mwenzetu akituudhi tunatafuta sababu ndani ya tabia yake, na ile hali iliyombana hatuiangalii. Katika barua yako umeniambia mzee hana haraka na Bi Ripoti ana ulimi. Hujaniambia hata kwa bahati mbaya kwamba vitengo vinamletea mzee takwimu tarehe ngapi. Mimi ningeanzia hapo. Chukua kalenda ya miezi mitatu iliyopita, andika siku kila kitengo kilipoleta na siku mzee alipokabidhi. Ukikuta vitengo vinaleta tarehe 19 jioni, basi umekuwa ukimlaumu mtu kwa kosa la ratiba. Ukikuta vinaleta tarehe 12, una jambo la kuzungumza naye, tena la haki.

Lipo jambo zito kuliko kalenda, na nitalisema bila kuzunguka. Rudi kwenye barua yako, pale ulipoeleza mazungumzo ya jioni. Mmoja umemwambia asikubali kuburuzwa. Mwingine umemwahidi kumsukuma huyohuyo. Kila mmoja anatoka ofisini kwako ana kibali cha kiongozi mfukoni. Ikifika tarehe 21, mzee anajiona anatekeleza maagizo yako, na Bi Ripoti anajiona anadai ahadi yako, na wote wawili wana haki. Ugomvi wao upo, sikatai, ila sehemu yake kubwa ni sentensi zako mbili zinazopigana kupitia vinywa vyao.

Na huko kulainisha maneno kumekugharimu kuliko unavyodhani. Bi Ripoti alisema anajiona mtumwa. Hilo ni neno la mtu anayeumia. Mzee alichosikia ni ombi la kuharakisha kidogo, kama maombi yote ya ofisini. Angejuaje kwamba kuna mtu anakesha na kuumia? Huenda angejirekebisha, huenda angejitetea, yote yangekuwa hatua. Ulimnyima nafasi hiyo kwa nia njema kabisa.

Mwaka 1968 daktari wa akili Stephen Karpman alichora pembetatu. Kwenye ncha moja yuko mtesaji, kwenye nyingine mhanga, kwenye ya tatu mwokozi. Watu hawabaki kwenye ncha zao, wanahama. Leo wewe ni mwokozi, unapokea shukrani kila jioni (na tusidanganyane, kuhitajiwa na pande zote mbili kuna utamu wake). Siku Bi Ripoti atakaposikia ulichomwambia mzee, utakuwa mtesaji. Nawe kwa uchovu ulionao umeshaanza kujiona mhanga. Hakuna hata mmoja kwenye pembetatu hiyo anayeandika taarifa kwa wakati.

Kwa hiyo acha kubeba ujumbe, kuanzia kesho asubuhi. Ukiletewa "mwambie mwenzako", jibu kwa upole: "Hilo mwambie mwenyewe. Ukitaka niwepo mkizungumza, nitakuwepo." Jioni mmoja akibaki nyuma, msikilize, kisha umuulize, "Yeye haya unayoniambia anayajua?" Akisema hapana, umeshapata kazi ya kumpa. Watakununia. Watasema cheo kimekulevya. Vumilia, itapita.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu nimeona viongozi wakiitumia kanuni hii kukwepa kazi yao. Mtu akikuletea habari ya matusi ya kudhalilisha, vitisho, kushikwashikwa, wizi, au mkubwa anayemkandamiza mdogo, usimwambie akayamalize mwenyewe. Hayo hayasuluhishwi kwa kuwaweka watu mezani wapatane. Yana taratibu zake za kinidhamu na za kisheria, na wewe kama kiongozi una wajibu wa kuyafikisha panapohusika. Ninayokushauri hapa ni ya watu wawili wazima wenye nguvu zinazokaribiana, waliokwaruzana kazini.

Kabla ya kuwaweka pamoja, kaa na kila mmoja peke yake. Lengo ni kuuliza tu. Safari hii hubebi kitu kwenda upande wa pili, na uwaambie hivyo mwanzoni. Muulize mzee: ukikabidhi tarehe 20 kama ilivyopangwa, unaogopa nini kitatokea? Muulize Bi Ripoti: ukiwa na nini mkononi tarehe 20, ungelala usingizi? Maswali haya yanapita chini ya madai yao. Dai la mmoja ni "nipe muda", la mwingine ni "nipe mapema", na ukibaki kwenye madai utaishia kuwapa wote tarehe 22 na wote watanuna. Haja zilizo chini ni kitu kingine. Labda mzee aliwahi kuona jina lake kwenye takwimu mbovu na hajasahau. Labda Bi Ripoti hahitaji majedwali yote, anahitaji mawili tu ili aanze kuandika. Mimi sijui, na wewe hujui pia, kwa sababu bado hujauliza.

Kuna kisa ninachokipenda cha Mary Parker Follett, mwanamke wa Marekani aliyefikiri sana kuhusu uongozi na aliyetoa mhadhara mwaka 1925 kuhusu namna migongano inavyoweza kujenga. Alikuwa kwenye chumba kidogo cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Mwenzake alitaka hewa, na halikuwa lazima lile dirisha. Yeye naye hakuwa na shida na hewa, alikuwa hataki upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja. Follett alisema kuna njia tatu za kumaliza mgongano: mmoja amshinde mwenzake, au kila mmoja aachie kidogo, au haja za wote wawili ziingizwe katika suluhu mpya. Aliipenda ile ya tatu, na aliionea shaka ile ya pili, kwa sababu mtu aliyeachia sehemu ya anachokitaka atarudi kuidai siku nyingine.

Mimi simfuati mpaka mwisho. Kuna siku hakuna chumba cha pili. Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, waliotoa kipimo chao mwaka 1974, walitaja namna tano za kukabili mgongano: kushindana, kukubali yaishe, kukwepa, kukutana katikati, na kushirikiana mpaka suluhu ipatikane. Zote zina siku yake. Jengo likiwaka moto kiongozi hatafuti maridhiano, anaamuru watu watoke. Jambo likiwa dogo kuliko usingizi wako, funika kombe mwanaharamu apite. Shida yako wewe ni kwamba unatumia mbili tu, kukwepa na kukubali yaishe, kwa kila kitu, hadi kwa jambo linalotikisa idara nzima. Kile kikao chako cha upendo kilikuwa kukwepa kwa kipaza sauti. Wale wengine walijua mnamsema nani, na hao wawili kila mmoja alijua kwa hakika kwamba anasemwa mwenzake.

Sasa kikao cha watatu. Kifanyike asubuhi au mapema mchana, siku ambayo haiko karibu na tarehe 25. Mtu aliyekesha hasuluhishwi. Chagua chumba ambacho si ofisi yako, maana ofisi yako kwa sasa ina kumbukumbu za yale mazungumzo ya jioni. Usiwakalishe uso kwa uso na meza katikati. Wakae upande mmoja au kwenye kona, na mbele yao kuwe na ile kalenda uliyoiandaa. Ni rahisi zaidi watu wawili kuikasirikia karatasi pamoja kuliko kutazamana machoni wakiwa na kinyongo.

Uanze wewe, na uanze na lako. Maneno kama haya: "Kabla hamjasema chochote, nina langu. Bwana Hesabu, nilikwambia usikubali kuburuzwa. Bi Ripoti, nilikwambia nitamsukuma mzee. Niliyasema yote mawili, na hayawezi kutekelezwa yote mawili. Hilo kosa ni langu na nawaomba radhi." Utatetemeka. Huenda wakakukasirikia wewe wote wawili kwa pamoja, na hilo litakuwa jambo la kwanza waliloafikiana tangu ugomvi uanze. Usijitetee. Subiri.

Baada ya hapo kila mmoja aeleze jinsi mwezi unavyomwendea, kuanzia tarehe 1 mpaka 25, bila kumtaja mwenzake tabia. Akisema "huyu mzee ni mbishi", mrudishe: alifanya nini, lini, na wewe ukapata hasara gani? "Tarehe 24 saa kumi na moja jioni nilipokea majedwali manne kwa mpigo, nikamaliza saa nane usiku" ni kauli ambayo mtu anaweza kuijibu. "Hunijali" haijibiki. Zuia pia "kila siku" na "hata siku moja". Mtu akiambiwa kila siku anachelewa, ataikumbuka ile siku moja aliyowahi na atakaa juu yake kikao kizima.

Mmoja akimaliza, mwenzake arudie alichosikia kabla hajajibu. "Umesema vitengo viwili vinakuletea tarehe 18 na vina makosa, ndiyo maana unapiga simu. Ni hivyo?" Wataona ni mchezo wa watoto. Waache waone hivyo, lakini warudie. Nimekuta mara nyingi kwamba hapo ndipo sauti zinashuka, kwa sababu mtu anayejua amesikika haoni haja ya kupaza.

Lile neno la kuchuma mbichi litakuja, na lisipokuja lilete wewe. Nitakuwa mkali kidogo hapa. Bi Ripoti alikosea kutuma takwimu zisizohakikiwa, na hilo alikiri au atakiri. Mzee naye alimfedhehesha mbele ya watu, na wewe ulikuwa umeshika kikao ukanyamaza. Fedheha ya hadharani haitibiwi kwa minong'ono ya faragha. Ikiwa mzee yuko tayari kuomba radhi, aombe kwa kulitaja neno lenyewe na mahali alipolisemea, halafu kwenye kikao kijacho cha idara iwepo sentensi moja, fupi, mbele ya walewale waliocheka. Bi Ripoti naye aseme la taarifa iliyokosewa. Wakikataa usiwalazimishe. Radhi ya kulazimishwa ni tusi la pili. Wewe sema lako kuhusu ukimya wako siku ile, na endelea na tarehe.

Najua kinachokukwaza ni kumkosoa mtu aliyekufundisha. Heshima kwa mkubwa iko kwenye mahali unapomwambia na sauti unayotumia. Haiko kwenye kunyamaza. Mwendee kabla ya kile kikao cha watatu, mlango ukiwa umefungwa, umwambie: "Mzee wangu, kazi hii nimeijua kupitia kwako. Leo nina jambo gumu, na ningejisikia vibaya zaidi ulisikie mara ya kwanza mbele ya mwingine." Kisha useme jambo lenyewe kwa sentensi mbili, ukae kimya. Wazee wengi wa kazi wanachokichukia ni kuzungukwa. Ukimzunguka atajua, na atakuona bado ni yule mwanafunzi wake.

Mkishakubaliana, andikeni. Nani analeta nini, tarehe gani, na ikishindikana nani anamwambia nani, kabla ya saa ngapi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho watu wengi husahau, na ndicho kinachookoa. Mzee akijua tarehe 19 kwamba jedwali fulani halitakuwa tayari, amwambie Bi Ripoti mwenyewe siku hiyohiyo, naye aamue kuliacha wazi au kuliandikia kwamba bado linahakikiwa. Na liwekwe wazi kwamba kilichomo kwenye faili la pamoja bila alama ya mzee hakitumiki. WhatsApp muiachie taarifa fupi za "nimeweka", "nimepokea". Lawama zisiandikwe humo. Maandishi hayana sauti, na mwenye kinyongo husoma kila sentensi kwa sauti mbaya kuliko zote.

Utasikia watu wakisema mgongano ni afya, kila timu nzuri inagombana. Usichukue kauli hiyo nzimanzima. Mwaka 1995 mtafiti Karen Jehn alitenganisha migongano kuhusu kazi na migongano kuhusu watu, akaona kwamba kutofautiana kuhusu kazi kunaweza kusaidia pale kazi yenyewe inapokuwa ngeni na inahitaji mawazo, lakini si katika kazi za kujirudia. Mwaka 2003 Carsten De Dreu na Laurie Weingart wakakusanya tafiti nyingi kwa pamoja, wakakuta kwamba kwa ujumla aina zote mbili zinaenda sambamba na utendaji kuporomoka. Taarifa yenu ya kila mwezi ni kazi ya kujirudia. Hamhitaji kugombana kila tarehe 21 ili muwe wabunifu. Mnahitaji kutofautiana mara moja, vizuri, mpaka mwisho, kisha mwezi unaofuata muendelee na mengine.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni ile sentensi kuhusu wenzao kugawanyika. Friedrich Glasl wa Austria alizipanga hatua za kukua kwa ugomvi, mwaka 1980, akazifikisha tisa. Tatu za mwanzo wote wawili bado wanaweza kutoka wakiwa na faida. Ya nne ni pale kila mmoja anapoanza kukusanya wa upande wake, na ya tano ni kuvunjiana heshima hadharani. Ninyi mmeshazigusa zote mbili. Kwa hiyo ukiona kikao cha watatu kinakushinda, wanarudia yaleyale au mmoja amekataa kuja, tafuta mtu wa nje ya idara ambaye wote wawili wanamwamini awakalishe. Hujashindwa ukifanya hivyo. Wewe una deni kwa wote wawili, mmoja mwalimu wako, mwingine rafiki yako, na wao wanalijua hilo deni. Mtu wa nje hana.

Makubaliano yapewe mizunguko miwili ya taarifa. Mwisho wa kila mzunguko mkae watatu mtazame kalenda, mrekebishe. Baada ya hapo, ikiwa mmoja anatimiza na mwingine hatimizi, uamue. Hapo sasa ndipo pa kuhamisha mtu, na utakuwa na tarehe mkononi badala ya maneno ya jioni. Kiongozi asiyeamua kamwe anawaumiza wanaotimiza.

Kuhusu kaka na dada, dawa ni ileile, ila nyumbani huna cheo, una nafasi yako ya kuzaliwa tu, kwa hiyo nenda polepole zaidi. Simu ikija, usiahidi kuongea na mwenzake. Pendekeza simu ya watu watatu, jambo moja tu mezani: wiki hii nani yuko na mama, siku zipi. Mambo ya nani alipendwa zaidi utotoni yatajitokeza, niamini. Yaacheni kwa siku hiyo. Mama anahitaji mtu wa Jumanne.

Tubaki na bosi wako. Mwendee wiki hii kabla hajakuita. Mpelekee ile kalenda, umweleze utaratibu na mizunguko miwili unayoiomba, na umuulize swali ambalo yeye peke yake ndiye mwenye jibu: tarehe ambayo vitengo vinaleta takwimu inaweza kuwahishwa kwa siku tatu? Akikataa, muulize kama taarifa inaweza kutoka tarehe 28. Akikataa na hilo, mwambie basi achague: taarifa itoke tarehe 25 ikiwa na majedwali yaliyowekewa alama kwamba bado yanahakikiwa, au akuongezee mtu wa kumsaidia mzee kupiga simu. Jina la wa kuhamishwa usimpe, na akikusisitiza mwambie utalileta, kama litahitajika, siku ya tathmini ya mzunguko wa pili.

Shangazi